Babu wa Yuro Tatu

Leo nimepata fedheha ya mwaka, na mwaka wenyewe ndio kwanza umeanza. Nimekaa ndani ya gari nje ya msikiti, hapa hapa kwetu Aija mjini Sur, Oman, naandika kwa simu, kwa sababu nyumbani sina uso wa kurudi. Bora niwahadithie mwenyewe kabla Ami Seif, ndugu yake marehemu baba, hajawahadithia yeye. (Yake itakuwa ndefu, na ndani yake mimi nitakuwa mjinga zaidi.)

Miaka miwili nyuma kazini walinipeleka Ulaya, kozi ya wiki tatu, kwenye mji mdogo ambao hata wenyewe wakiutaja hukueleza kwanza uko karibu na mji gani. Mchana darasani, jioni natembea. Mimi, mtu wa Sur, ambaye duka liko hatua arubaini kutoka mlangoni na nalifuata kwa gari, nikawa natembea saa mbili kwa miguu kila siku! Kisa, vibao. Wenzetu kila nyumba ina kibao ukutani. Hapa alizaliwa fulani. Hapa alikufa fulani. Hapa fulani alilala siku mbili, akapata mafua, akaendelea na safari yake. Naelekeza simu, inanitafsiria, nasimama katikati ya njia naona raha. Nikafikiria kwetu, nyumba watu wamezaliwa na kufia ndani yake vizazi na vizazi, na mlangoni hamna hata namba.

Jumamosi ya mwisho nikaingia kichochoro kimoja kilichopinda. Nyumba nyembamba ya matofali, kibao chake kimeota kutu. Simu ikanisomea kwamba hapa aliishi mfanyabiashara aliyekaa miaka mingi Zanzibar katika kampuni ya karafuu. Wallahi nywele zilinisimama. Mji mzima ule hamna anayejua Oman iko wapi (mwalimu wetu wa kozi alidhani ni mtaa wa Dubai), halafu ukutani wameandika Zanzibar.

Mbele ya nyumba ile siku hiyo palikuwa na soko la vitu vya zamani, na bibi mmoja wa kizungu ametandaza mezani vitu vilivyotolewa darini humo humo. Sahani, taa, kofia, na rundo la picha ndani ya fremu zake. Baina ya picha ya mbwa na picha ya harusi ya watu nisiowajua, nikamkuta mzee.

Mzee wetu kabisa. Kilemba, joho, jambia kiunoni, ndevu zimechanwa, amekaa juu ya kiti, mkono wa kulia ameuficha ndani ya joho. Anakutazama kama mtu aliyekuagiza kitu na wewe umechelewa. Nikauliza ni nani. Yule bibi akapandisha mabega, akaendelea kula ndizi yake. Nikalipa, nikamtia mzee kwenye begi, nikarudi naye Oman. Nia yangu ilikuwa njema, na hilo naomba mliweke akilini.

Sasa fahamuni na uchungu wangu. Nyumba zetu sisi watu tuliotokana na Unguja, ukiingia tu majlisi, chumba cha wageni, babu wa ukoo yuko ukutani anakutolea macho. Kwetu ilikuwapo saa. Saa, na kalenda ya duka la matairi. Wazee wetu hawakupiga picha. Babu yake baba, upande wa mama yake, alikufa bibi yangu angali mchanga, na kitu pekee kilichotufikia juu yake ni kwamba alikuwa mkoroga halua hapa Aija. Basi. Hata mwiko wake tunao stoo, mrefu kuliko mimi. Lakini mwiko nani anautundika majlisi?

Nilipofika kutoka Ulaya, mama akafungua begi kutafuta nguo chafu, akaibuka na mzee. Akaniuliza nani huyu. Nilitaka kusema sijui. Nilikuwa nimechoka, nataka kulala, nikasema kwa mzaha, "Si babu yake marehemu baba, yule wa halua."

Mama akalia.

Ukishamuona mama yako analia kwa furaha, amekumbatia fremu, utamwambia nini? Utamwambia yuro tatu? Nikanyamaza. Siku ya pili saa imeshuka, mzee amepanda. Siku ya tatu akaja Ami Seif, akasimama mbele ya picha, akashika pua yake, akasema pua ile ni yetu, haihitaji shahidi. Na lile la halua, akasema, lilikuwa uzushi wa majirani.

Uongo ukishapata pua, unapumua wenyewe. Watu wakauliza nimempata wapi, nikasema kwenye nyumba ya makumbusho huko Ulaya, wamemhifadhi kwa heshima. Wakauliza mkono kwa nini ameuficha. Mwaka wa kwanza nilisema ndivyo walivyokaa wakubwa wa zamani. Mwaka wa pili mkono ulikuwa umeshapigwa risasi na maharamia baharini. (Risasi aliileta Ami Seif. Mimi nilileta maharamia tu.) Na mama, kila mkesha wa Ijumaa, anasimama chini ya picha anamsomea Fatiha.

Tuje kwa Rayya. Rayya ni mwalimu mji wa Ibra, tulijuana tulipokuwa tunasoma Nizwa, na nimemngojea miaka mitatu. Kwao pia asili yao Unguja. Mwezi uliopita wazee wetu walikwenda Ibra kuposa, wakapewa kahawa, wakaambiwa wasubiri. Jibu lilikuwa kwa bibi yake, Bi Zuwena, aliyemlea tangu mdogo. Bi Zuwena akasema hatoi neno mpaka aje aione nyumba kwa macho yake. Alisema amewaona watu wengi waongo, lakini hajapata kuona nyumba inayosema uongo.

Rayya akaniandikia jana: bibi akisema ndiyo, khalas. Akisema hapana, hata baba hana la kufanya. Akaongeza, "Nakuomba, jibu unachoulizwa tu."

Mnanijua mimi.

Leo baada ya alasiri wakaja. Bi Zuwena, mdogo wa umbo, fimbo mkononi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Na mwanawe, Bwana Nassor, baba yake Rayya, mtu wa maneno machache. Kwetu tulikuwa mimi, mama na Ami Seif. Nikampa bibi shikamoo, akaitikia marahaba ndefu ya watu wa zamani, nikaona hapa mambo yameshanyooka. Magoti yake hayamruhusu kukaa chini, tukamwekea kiti, na kwa bahati (bahati gani!) akakaa akimpa mgongo mzee wetu wa ukutani.

Nusu saa ya mwanzo ilikuwa asali. Kahawa ikazunguka. Bi Zuwena akala vitumbua vitatu, akamwambia mama kuwa tangu aondoke Unguja hajakuta mkono kama huo. Mama akaona haya, akafurahi. Niliulizwa nafanya kazi gani, nikajibu. Niliulizwa nasali, nikajibu. Jibu fupi, swali jingine. Rayya angejivunia.

Ndipo Ami Seif akaweka kikombe chini.

"Bi Zuwena," akasema, "hujamsalimia babu yetu."

Bi Zuwena akageuka polepole. Akavaa miwani. Na mimi, badala ya kutafuna halua yangu nikanyamaza, nikasimama chini ya picha kama wale watu wa makumbusho wenye beji kifuani, nikaanza. Nikampa nyumba ya makumbusho. Nikampa maharamia. Nikampa mawimbi, na risasi, na mzee anaendesha chombo kwa mkono mmoja mpaka bandarini. (Mkono mmoja ulikuwa mpya, niliuongeza leo.) Bwana Nassor akawa anatikisa kichwa kwa heshima. Ami Seif akafuta jicho.

Bi Zuwena akainuka. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mama akaniangalia.

"Huu mkono," akasema. "Umesema risasi?"

"Risasi, bibi."

"Aling'atwa na kasuku."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo, kuwa kasuku alikuwa wa bibi yake, ndege mshari, na siku ile kidole cha mzee kilivimba kikafungwa kitambaa, akaona aibu kupigwa picha na kidole kama ndizi, ndipo akaficha mkono. Aliyempiga picha alikuwa mzungu wa kampuni ya karafuu. Alitoa picha mbili, moja akampa mzee, moja akabaki nayo. Ile ya mzee ilikuwa ukutani kwao Unguja, juu ya kitanda cha bibi yake, na walipoondoka waliondoka na nguo za mwilini tu.

"Tazama mguu wa kiti," akaniambia. "Wa kushoto. Umefungwa kamba. Mimi nilikikalia kiti kile nikiwa mtoto, kikiyumba."

Nikatazama. Kamba ipo. Miaka miwili nakifuta kioo kile kila Ijumaa, na kamba sijapata kuiona.

"Huyu ni babu yangu mimi," akasema Bi Zuwena. "Sikupata kumuona tena mpaka leo."

Jamani, ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Mtu amekwenda Ulaya, kwenye kichochoro, amemrudishia bibi wa watu babu yake! Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo nikubali shukrani. Lakini yeye alikuwa ameshageuka, anatutazama mmoja mmoja.

"Na nyinyi mnasema ni babu yenu. Kwa hiyo ni kweli."

Bwana Nassor akamuuliza mama yake kweli gani. Akaeleza kwa sauti ndogo. Babu yake alikuwa akisafiri kuja Sur, na watu wa Unguja walikuwa wakimsema kwamba ana mke wa siri Aija. Bibi yake alikana. Alikana maisha yake yote, na alipokuwa anakufa akaapa kuwa mumewe hakuoa mwanamke mwingine. Yeye Bi Zuwena aligombana na watu, wengine mpaka leo hawasemi naye, kwa ajili ya kiapo kile.

"Sasa nimekuja mwenyewe," akasema, "nimekula vitumbua kwa wajukuu wa mke wa Aija."

Mama akajaribu kuingilia, akasema lakini babu yetu jina lake jingine. Bi Zuwena akamjibu kuwa mtu aliyeweza kuficha mke hawezi kushindwa kuficha jina.

"Alhamdulillahi!" akasema Ami Seif. "Kumbe damu moja!"



Bi Zuwena akakaa. Akavua miwani, akalia bila sauti, machozi yanashuka tu anayaacha. Mimi kusema kweli nilikuwa sijawahi kumliza mtu mzima, na sikujua mikono niiweke wapi. Bwana Nassor akamshika bega, akamwambia yaliyopita yamepita, wote marehemu, Mungu awasamehe. Kisha akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza kwa upole. Akasema kama ni jamaa, basi hapana haja ya kuulizana zaidi, jambo la vijana limekwisha, wasome Fatiha wafunge.

Hebu simameni hapa nilipokuwa nimesimama. Rayya nimepewa. Kinachotakiwa kwangu ni kunyamaza, kazi ambayo mtu yeyote anaiweza. Upande wa pili, bibi wa watu analia, na bibi yake aliyekufa na kiapo chake cha kweli ameshakuwa mwongo kaburini, kwa sababu mimi niliona kalenda ya matairi inanitia aibu.

"Bibi," nikasema. "Si babu yetu."

Ami Seif akanirukia, akaniambia nisimkane babu yangu kwa ajili ya mke. Bwana Nassor akasema kijana ana adabu, anataka kumfariji bibi. Bi Zuwena naye akanipungia mkono, akasema nimhurumie, nisimdanganye mtu mzima.

Mnaona balaa? Uongo wa miaka miwili waliumeza bila maji. Ukweli wa kwanza, wote wameukataa!

"Nimemnunua," nikasema.



"Umemnunua wapi?" akauliza Bwana Nassor.

"Sokoni. Huko huko Ulaya."

"Soko gani linalouza mababu?"

Nikapanda juu ya kiti, nikamshusha mzee ukutani, nikamgeuza. Nyuma ya fremu, pembeni chini, kibandiko cha rangi ya chungwa, duara, kimeandikwa kwa kalamu nene: yuro tatu. Miaka miwili sikukibandua, maana nani anamtazama babu wa watu mgongoni?

Fremu ikazunguka na kibandiko chake kama kahawa ilivyozunguka. Bwana Nassor akakisoma, akampa Ami Seif. Ami Seif akakisoma, akapeleka mkono puani, akaurudisha haraka. Ikafika kwa mama.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alisema tu, "Sasa mimi miaka miwili namsomea Fatiha nani?"

Nikaeleza yote. Kichochoro, kibao, meza, mbwa, harusi, ndizi ya yule bibi wa kizungu. Nikaeleza kuwa makumbusho hapakuwapo, maharamia hawakuwapo, nilisema mzaha nikashindwa kuurudisha. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nangojea wainuke waondoke. Nikasikia kitu kama kikohozi. Bi Zuwena alikuwa anacheka! Anacheka na machozi bado hayajakauka, amejishika mbavu.

"Kasuku," akasema, "amekuwa maharamia."

Akacheka mpaka mama akamletea maji. Alipotulia akaniuliza babu yetu wa kweli ni nani. Nikasema mkoroga halua, bibi, hatuna picha yake, tuna mwiko wake tu.

"Si mngetundika mwiko."

Hivyo tu. Miaka miwili ya taabu, na jawabu lenyewe liko stoo nyuma ya magunia ya mchele.

Akamwomba mwanawe ampe fremu, akaipakata. Akasema ya mahari nitazungumza na Bwana Nassor, lakini huyu wa ukutani ni wake, anakwenda naye leo. Nani angembishia? Kisha akamwambia mama kuwa yeye na nduguze hata kaburi la babu yao hawajui hali yake, na kumbe mzee alikuwa na mtu Aija kweli, anayemsomea kila mkesha wa Ijumaa. Mama akalia tena. (Mzee yule kila akibadilisha mikono, mama analia.)

"Nyumba nimeiona," akasema Bi Zuwena. "Haisemi uongo. Mwongo ni mmoja tu, na Rayya atamtia adabu."

Hiyo ndiyo "ndiyo" yangu, wenzangu. Wengine huipata kwa vigelegele.

Kabla ya kuondoka, akabandua kile kibandiko kwa ukucha, taratibu, pembe kwa pembe. Alisema hawezi kumpandisha babu yake gari mpaka Ibra akiwa na bei. Nikamsindikiza mpaka nje, mkono mmoja nimemshika yeye, mkono mmoja nimembeba mzee. Mlangoni akanipigapiga mgongoni mara mbili, akasema Mungu aniongoze. Nikajiambia, huyu ameshanisamehe, huyu ni bibi yangu sasa.

Wakaondoka. Adhana ya magharibi ikanikuta njiani, nikaingia msikitini moja kwa moja, safu ya mbele, maana leo nilikuwa na mengi ya kuomba. Nyuma yangu mtu akakohoa. Mwingine naye akakohoa. Nikawaza mafua yameingia Aija. Tulipotoa salamu, mzee mmoja jirani yetu akanigusa bega, uso mkavu kabisa.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "una bei mgongoni."

Basi ndio nimekaa garini. Rayya ameshaniandikia. Bibi amempigia simu wako njiani, kicheko hakijamwisha, anauliza kama nimeshakiona. Mama naye amepiga. Hakunisemesha habari yangu, ameniambia tu nipitie dukani ninunue msumari mkubwa, mwiko ni mzito, ule wa picha hauubebi.

Kibandiko nimekibandika hapa kwenye usukani, kinanitazama. Naombeni msinicheke. Na kama kuna ambaye hawezi kukaa kimya, angalau asiseme ni ghali.